Mume Wangu Anataka Unguja, Mimi Nataka Mafia, Mama Anasema Ukerewe

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Kigoma mjini na ninafanya kazi ya uuguzi katika wodi ya wazazi. Mume wangu ni mhasibu katika ofisi moja hapa hapa mjini. Tumeoana zaidi ya miaka kumi na mitano sasa na, namshukuru Mungu, nyumba yetu ina amani. Ninachokuletea si ugomvi, ila ni jambo ambalo limekuwa likitutafuna polepole tangu mwanzo wa mwaka, na ninaona haya hata kulisema mbele ya wenzangu kazini, kwa sababu wapo ambao wangefurahi kama tatizo lao lingekuwa ndilo hili.

Tulipovunja kikoba mwishoni mwa mwaka jana, na mume wangu naye akawa amelipwa malimbikizo yake ya mshahara, tulikubaliana kwamba kwa mara ya kwanza tutawapeleka watoto mapumzikoni. Maisha yetu yote ya ndoa safari zetu zimekuwa za misiba, za harusi, na za kwenda Kasulu kuwasalimia wazee. Binti yetu mkubwa yuko kidato cha tatu, wa pili darasa la sita, na mdogo ndiye ameanza darasa la kwanza. Niliona kwamba tukichelewa zaidi, huyu mkubwa atakuwa ameshaondoka nyumbani kabla hatujawahi kukaa mahali pamoja bila sare za shule wala zamu za hospitali. Tukapanga iwe likizo ya Juni, na sote tukasema kwa pamoja kwamba tunataka kisiwa. Kisiwa kipi, hapo ndipo tulipokwama.

Mume wangu anataka Unguja. Dada yake ameolewa huko na anaishi upande wa Mwanakwerekwe, na tayari ameshampigia simu kumwambia kwamba tunakuja. Mimi nampenda wifi yangu, lakini nilipokwenda kwake kwenye harusi ya binti yake, niliingia jikoni siku niliyofika nikatoka siku ya kuondoka. Bahari niliiona kwenye boti tu, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Kupanga chumba hotelini wakati nyumba yake ipo itakuwa ni kumtukana, na kulala kwake ni kuhamisha jiko langu kutoka Kigoma kulipeleka Unguja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mke wa kaka, jembe hutolewa siku ile ile ya kwanza.

Mimi moyo wangu uko Mafia. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo cha uuguzi ni mzaliwa wa huko na sasa amerudi kufanya kazi Kilindoni. Kwa miaka mingi amekuwa akinitumia picha za Ghuba ya Chole asubuhi, maji yametulia na ngalawa zimelala upande mmoja kwenye mchanga, nami hufungua picha hizo nikitoka zamu ya usiku na kuzitazama kabla sijalala. Amesema atatupokea nyumbani kwake, sote watano, na hatutalipa malazi. Nilipomweleza mume wangu akaniuliza tutafikaje. Nikamwambia kuna boti kutoka Nyamisati. Akanyamaza, halafu akasema, "Unguja, au tubaki nyumbani."

Mama yangu mzazi, ambaye anajua hesabu zetu kuliko sisi wenyewe, alituambia tuache kupoteza pesa kwenda hadi mwisho mwingine wa reli. Watoto wa dada yake wanaishi Nansio, Ukerewe, na kutoka hapa kwenda Mwanza ni mwendo mfupi ukilinganisha na Dar es Salaam. Wakati anasema hayo tulikuwa tunakula. Mume wangu akasema, "Ziwa hapana," akanawa mikono na kuondoka mezani huku migebuka yake ikiwa haijaguswa. Mama alijisikia vibaya, na mimi nilikasirika kwa niaba yake.

Ili unielewe, mume wangu si mtu wa kutalii. Wageni wa ofisi yake walipokuja wakitaka kwenda Gombe, aliwasindikiza mpaka Kibirizi, akawapandisha boti, akarudi zake ofisini. Watoto wetu wamezaliwa Kigoma lakini hawajui kuogelea, kwa kuwa baba yao hajawahi kuwaruhusu kuingia kwenye maji yanayopita magoti. Mdogo wake alifariki ziwani wakati watoto wetu wawili wakubwa wakiwa bado wadogo, akitoka vijiji vya kusini kwa boti ya mbao; lakini hilo lilishapita na nyumbani hatulizungumzii. Nalitaja tu ili usije ukafikiri ni mtu mwenye roho ngumu. Ninavyoona mimi, anachotaka ni kumwonesha dada yake na wafanyakazi wenzake kwamba mambo yamemnyookea, kwa kuwa kila anayetoka Kigoma kwenda mapumzikoni hurudi na picha za Unguja.

Akiba yetu ni kama milioni tatu na nusu, na tunaweza kuwa nje ya nyumba kwa takriban wiki mbili, safari zikiwemo. Rafiki yangu anataka jibu ili apange likizo yake mwenyewe. Wifi naye anasubiri. Je, nikubali Unguja ili amani idumu, au nisimamie Mafia kwa kuwa na mimi nimechangia nusu ya fedha hizo? Au mama ndiye mwenye busara kutuzidi sote?

Mama wa Watatu, Kigoma

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hiyo haya uliyoitaja. Mama anayewapokea watoto wa wenzake usiku kucha, kisha akaweka fedha kidogo kidogo kwenye kikoba ili awapeleke wa kwake kuona bahari, hana cha kuonea haya. Umeniambia kwamba binti yako mkubwa atakuwa ameondoka nyumbani muda si mrefu. Kwangu mimi hiyo ndiyo sentensi nzito kuliko zote katika barua yako, na ndiyo inayofanya swali la kisiwa kipi listahili kujibiwa kwa uangalifu.

Umelieleza jambo lako kama mashindano ya watu watatu na visiwa vitatu: mume na Unguja yake, wewe na Mafia yako, mama na Ukerewe yake. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila niliposoma nilijikuta nikirudi mahali pale pale, mahali ambapo wewe umepita haraka. Mumeo aliposikia habari ya boti ya Nyamisati alinyamaza kwanza, ndipo akajibu. Mama alipotaja Ukerewe, hakusema kwamba Ukerewe ni mbali, wala kwamba hapapendezi. Alisema, "Ziwa hapana." Wageni wake wakiwa na nafasi ya kwenda Gombe, yeye aliishia Kibirizi. Watoto wake hawaruhusiwi maji yanayopita magoti. Kisha, kana kwamba ni jambo la pembeni, unaniambia kwamba mdogo wake alifia ziwani.

Mimi simjui mumeo, na sina haki ya kusema kilichomo moyoni mwake. Inawezekana kabisa kwamba uko sahihi na kwamba anataka picha za Unguja kama wengine. Lakini nakuomba uyaweke matukio hayo uliyoyaandika kwa mkono wako yakae pamoja, ujiulize kama mtu anayetaka kujionesha ndivyo anavyokuwa, au kama ndivyo anavyokuwa mtu ambaye maji yalimpokonya ndugu yake na hakuwahi kupewa nafasi ya kulisema. Unguja ina boti kubwa, inavuka kwa takriban saa mbili, na abiria hukaa ndani kwenye viti. Aidha, dada yake yupo ng'ambo akimsubiri. Kwa mtu mwenye hofu ambayo hawezi kuitaja mbele ya watoto wake na mama mkwe wake, huenda Unguja ndiyo njia pekee aliyoiona ya kutimiza ahadi aliyokupa. Kama ni hivyo, basi "Unguja, au tubaki nyumbani" ni maneno ya mtu aliyekwishafika kwenye ukingo wa uwezo wake, na wewe umeyasikia kama amri.

Tena hofu hiyo si ya kipuuzi. Nchi yetu ina MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996, ina Spice Islander ya Septemba 2011 kwenye mkondo wa Unguja na Pemba, na ina MV Nyerere ya tarehe 20 Septemba 2018, iliyozama jirani na Ukara, huko huko wilayani Ukerewe, ikaondoka na watu zaidi ya 220. Huenda mama alipolitaja jina la Ukerewe mezani, mumeo hakusikia habari ya kubana nauli.

Sasa tuvitazame visiwa vyenyewe, kwa sababu hata baada ya kuzungumza na mumeo bado mtapaswa kuchagua, na Juni ni mwezi wenye tabia zake.

Mtakuwa mnasafiri wakati wa kusi. Upepo huu huanza baada ya kaskazi kuisha, huenda hadi karibu na Oktoba, na kati ya Juni na Agosti ndipo unapovuma kwa nguvu. Hali ya hewa huwa ya ubaridi kidogo na mvua za masika zimekwishapita, hivyo nchi kavu panapendeza sana, lakini bahari huwa na mawimbi. Kwenda Mafia kwa njia ya Nyamisati, mnatoka Dar es Salaam kwa barabara hadi upande wa Kibiti, mnapanda chombo kwenye delta ya Rufiji, mnapita katikati ya mikoko ambako maji yametulia kabisa, halafu mnatokeza kwenye mlango wa bahari ulio wazi mpaka Kilindoni. Ni saa kadhaa, na kipindi cha kusi sehemu hiyo ya wazi huchafuka. Saa za kuondoka zinafungamana na kujaa na kupwa kwa maji, kwa hiyo familia yenye mtoto wa darasa la kwanza inaweza kujikuta ikisubiri gizani. Zipo ndege ndogo kutoka Dar es Salaam ambazo hutua Kilindoni baada ya kama nusu saa hivi, lakini nauli ya watu watano kwenda na kurudi itaibadilisha hesabu yenu yote, na malazi ya bure kwa rafiki yako yatakuwa yamelipwa kwa njia nyingine.

Mafia ikikubali kukupokea, hata hivyo, ni kisiwa cha ajabu. Hifadhi ya Bahari ilianzishwa huko mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, na matumbawe ya Ghuba ya Chole ni mazuri hata kwa mtu anayeyatazama akiwa juu ya ngalawa. Kisiwani Juani kuna magofu ya mji wa kale wa Kua, na katika miezi hii ya katikati ya mwaka mayai ya kasa huanguliwa huko, vitoto vikiteremka mchangani kuelekea majini huku walinzi wa viota wakiwazuia watu wasivikanyage. Nadhani darasa la kwanza na kidato cha tatu wangeduwaa pamoja mbele ya jambo hilo. Lakini kama katika hizo picha za rafiki yako zimo za papa potwe, yule papa mkubwa mpole mwenye madoa, ujue kwamba msimu wake ni kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi hivi. Mkienda Juni mtamkosa. Nakueleza hili kwa sababu hao papa ndio wanaowaleta wageni wengi Mafia, na kwa sababu Mafia ya Desemba, wakati kaskazi inapoanza na bahari inapoanza kutulia, ni tofauti na Mafia ya Juni. Likizo ya Desemba nayo ni likizo.

Kuna jambo jingine kuhusu Mafia ambalo nalisema kwa upole. Unakimbia jiko la wifi ili uende nyumbani kwa rafiki, ukiwa na mume na watoto watatu. Rafiki yako ni muuguzi kama wewe, naye ana zamu zake na nyumba yake. Je, utaweza kukaa kibarazani ukitazama bahari wakati yeye anachemsha chai ya watu wote hao? Nionavyo mimi kutokana na barua yako, hutaweza. Kwa rafiki pia kuna jiko, na pengine utaliingia kwa haraka zaidi kwa kuwa hakuna aliyekulazimisha. Pumziko unalolitamani, lile la kutoka zamu ya usiku, linahitaji mahali ambapo chakula kinapikwa na mtu anayelipwa kukipika. Mahali kama hapo mnaweza kupatafuta Unguja, Mafia au kwingineko, alimradi patengewe fungu lake kwenye bajeti tangu mwanzo.

Hapo ndipo swali la wifi linapokuja. Umesema kwamba kupanga chumba hotelini ni kumtukana. Je, aliwahi kusema hivyo mwenyewe, au ni wewe unayemsemea? Mara ile ya kwanza kulikuwa na harusi, na kwenye harusi ya binti yake hakuna mke wa kaka anayeketi. Hujawahi kumtembelea wifi yako siku ya kawaida. Ninawajua akina mama wa Unguja ambao wangefurahi kumpokea kaka yao kwa siku mbili za mwanzo, wakala wali wa nazi pamoja na kupokea zawadi ya dagaa na mawese ya Kigoma, kisha wakawaaga kwa moyo mweupe waende zao pwani, mradi tu jambo hilo limesemwa mapema na limesemwa na kaka mwenyewe. Ninawajua pia ambao wangenuna. Wewe unamjua wako kuliko mimi, na mumeo anamjua kuliko sisi sote. Ni vizuri umuulize yeye, badala ya kulibeba jibu kichwani kwa niaba yake. Hatari ya njia hii ni kwamba siku mbili huweza kurefuka. Mkiipenda, siku ya kuondoka itajwe kwenye simu ya kwanza, wala isisubiri kutajwa sebuleni.

Kuhusu Unguja yenyewe, usiipime kwa picha za watu. Nungwi na Kendwa upande wa kaskazini ndiko zinakotoka nyingi ya picha hizo, kwa kuwa maji hayarudi mbali na mtu anaweza kuogelea karibu saa zote. Pwani ya mashariki, kama Paje, Bwejuu na Jambiani, hukabiliana na kusi uso kwa uso, na maji yakipwa hurudi nyuma sana, hasa siku za bamvua karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Wageni wengi hulalamika kwa kukuta mchanga, vidimbwi na akina mama wakishughulikia mwani mahali walipotarajia kuogelea. Kwa watoto wasiojua kuogelea, na kwa baba mwenye moyo wa wasiwasi, mimi naona neema katika hayo wanayoyalalamikia. Mwamba ulio mbele huvunja mawimbi makubwa, na maji yakiwa yamekupwa mtoto anaweza kutembea mbali akiwa amelowa vifundo tu, akiokota makombe na kutazama samaki wadogo waliobaki vidimbwini, huku baba yake akimwona muda wote. Wavalie viatu vya plastiki kwa sababu ya miiba, na muulizeni mwenyeji saa ya maji kujaa kabla hamjatembea mbali, kwa maana yanaporudi hayapigi hodi.

Mkichoka na pwani, kuna msitu wa Jozani na kima punju wake, kuna kobe wakubwa wa Changuu ambao asili yao ni Shelisheli, na kuna Mji Mkongwe, ambao binti yako wa kidato cha tatu bila shaka ameusoma kwenye somo la historia. Yale yaliyoanzia kwenye misafara ya Ujiji na Tabora yaliishia pale. Mtoto wa Kigoma akisimama Mji Mkongwe anauona upande wa pili wa historia ya kwao. Jitahidini kwenda mapema Juni, kabla bei za malazi hazijapanda kwa ajili ya wageni wa Julai na Agosti.

Ukerewe ya mama siidharau hata kidogo. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilipozinduliwa Juni 2025, safari ya barabara ya kwenda Mwanza ilipungukiwa na ule usumbufu wa kusubiri kivuko, na mkitaka kukwepa saa nyingi majini kutoka Mwanza hadi Nansio, mnaweza kuzunguka kwa Bunda na kuvuka Kisorya kwenda Rugezi, ambako maji ni mafupi. Mngebaki na fedha nyingi mfukoni, na watoto wangewajua ndugu zao. Lakini wewe ni muuguzi na unakijua kichocho: vimelea vyake hutoka kwenye konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya mtu anayeoga au kucheza kandokando ya ziwa, na Ukerewe ni miongoni mwa maeneo yaliyoathirika sana katika Ziwa Viktoria. Baharini hakipo. Kwa hiyo likizo ya Ukerewe ingekuwa likizo ya ndugu, vilima na samaki, na ya kuyatazama maji kwa macho tu. Juu ya hayo, kama nilichokihisi kuhusu mumeo kina ukweli, kumpeleka ziwani kwa hoja ya nauli kungekuwa kumwongezea mzigo. Mama anaweza kuelezwa hili na binti yake taratibu, mumeo akiisharidhia lisemwe. Atalielewa, na pengine hasira iliyobaki pale mezani itapata pa kwenda.

Ipo njia nyingine ambayo hakuna kati yenu aliyeitaja. Mkiwa Dar es Salaam, kabla ya kwenda kokote, kuna Mbudya na Bongoyo, visiwa vidogo visivyo na wakazi ambavyo vimehifadhiwa tangu mwaka 1975. Mbudya mnavuka kutoka Kunduchi kwa muda mfupi sana, nchi kavu ikiwa inaonekana nyuma yenu, mnashinda huko na kurudi jioni. Ningependa mumeo ajue kwamba njia hiyo ipo. Akivuka akaona kwamba anaweza, mtakuwa mmejifunza jambo kabla hamjakata tiketi ya kwenda mbali zaidi. Akishindwa, mtakuwa mmepata siku moja kisiwani na bado mna siku za kukaa Bagamoyo au Kigamboni bila mtu kuaibika. Chombo mtakachopanda ni kidogo kuliko boti ya Unguja, na mawimbi huhisiwa zaidi ndani yake, kwa hiyo asilazimishwe. Mvae jaketi za kujiokolea kabla ya kuondoka ufukweni, wote watano, hata kama wenyeji hawazivai.

Fedha zenu zinatosha kwa mengi ya haya, lakini si kwa yote. Anzeni kuitoa nauli ya kwenda na kurudi kwa watu watano, pamoja na usiku mmoja wa kupumzika njiani, kisha mkione kilichobaki. Mkitaka kuufanya mwendo wenyewe uwe sehemu ya likizo, mnaweza kushuka basi Dodoma, mkalala, na asubuhi mkapanda treni ya umeme hadi Dar es Salaam. Watoto wa mwisho wa reli wanastahili kuiona reli mpya.

Yote hayo yanangoja mazungumzo na mumeo, na hayo sina namna ya kuyafanya kwa niaba yako. Usiyaanzishe mezani, wala mbele ya watoto, wala siku ambayo umetoka zamu ya usiku. Usimwambie kwamba umegundua anaogopa. Mwanamume akiambiwa hivyo hujitetea, na mtarudi kwenye Unguja au kubaki nyumbani. Unaweza kumuulizia mdogo wake. Mtaje kwa jina lake, muulize siku ile ilikuwaje kwake yeye kama kaka, kisha umwache aseme au asiseme. Huenda akalia. Huenda akakuambia kwamba hayo hayahusiani kabisa na likizo na kwamba yeye anataka tu kumwona dada yake, na hapo utapaswa kumwamini na kuendelea kujadiliana naye kama watu wawili waliochanga fedha sawa. Ubaya wa mazungumzo haya ni kwamba yakishafunguliwa hayafungiki kwa siku moja, na unaweza kufika Juni mkiwa bado ndani yake. Kama huna nguvu za kuyabeba sasa, huo nao ni uamuzi wa halali, na mnaweza kukubaliana kwamba mwaka huu ni kisiwa chenye boti kubwa bila kuulizana sababu.

Jambo moja ningependa lifanyike katika njia zote: muulizeni binti yenu mkubwa. Katika barua yako yote yeye ndiye chanzo cha safari, na hakuna mahali ulipoandika anataka nini.

Kwa rafiki yako wa Kilindoni, usimnyime jibu wiki hii. Mwambie kwamba Juni ina kusi, kwamba kuna mtu nyumbani kwako ambaye bado anajipima na safari ya maji, na umuulize yeye, aliyezaliwa huko, kama Desemba atakuwa na likizo. Muulize pia kama anafahamu nyumba ndogo ya kulala wageni iliyo jirani naye, ili ukienda uwe mgeni wake mchana na usiku awe na nyumba yake. Akikujibu, niandikie tena.

Mama Mshauri